Ahmad bin Majid: Mwalimu wa Bahari na Mshairi wa Safari

Neno mwalimu limezoeleka mno madarasani hata imesahaulika kwamba liliwahi kuwa na kiti kingine, nacho ni kile cha juu ya shetri, nyuma ya chombo, karibu na usukani. Katika lugha ya mabaharia wa Kiarabu waliotia nanga Mombasa, Malindi na Kilwa kwa karne nyingi, muallim hakuwa mtu wa ubao na chaki. Nahodha alikuwa mkuu wa chombo, na mara nyingi ndiye mwenye mali au wakili wa mwenye mali. Sarahangi aliwasimamia mabaharia katika kazi za tanga na kamba. Lakini mwalimu ndiye aliyejua chombo kiko wapi. Pwani ikiwa imezama nyuma na mbele hakuna ila maji na mbingu, roho za wote waliomo chomboni zilikuwa mikononi mwake. Shina la neno hilo ni lile lile la Kiarabu lililokipa Kiswahili elimu, taaluma na maalumu, na si ajabu basi kwamba mashuhuri kuliko walimu wote wa bahari ya Hindi alikuwa pia mwandishi na mshairi.

Mtu huyo ni Shihabuddin Ahmad bin Majid. Alizaliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 huko Julfar, mji wa bandari katika Ghuba, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah katika Muungano wa Falme za Kiarabu. Wakati huo pande hizo zilihesabiwa kuwa sehemu ya Oman, na ndiyo maana waandishi wa baadaye walimwita Mwomani. Baba yake alikuwa mwalimu wa bahari, na babu yake vilevile. Wote wawili walijulikana kwa ujuzi wa Bahari ya Shamu, bahari nyembamba yenye miamba iliyojificha chini ya maji pande zote mbili, ambayo mabaharia wa zama hizo waliiogopa kuliko bahari kuu. Baba aliandika utungo mrefu wenye beti zaidi ya elfu moja juu ya njia za bahari hiyo, na utungo huo ukawa urithi wa mwanawe.

Namna Ibn Majid alivyoupokea urithi huo inaeleza mengi juu ya tabia yake. Hakuuhifadhi tu kama kitu kitakatifu kisichoguswa. Aliusafiri. Alipita mahali palipotajwa, akapima, akalinganisha, na pale alipoona kwamba baba au babu alikosea, alisahihisha na kuandika kwamba amesahihisha. Heshima kwa mzazi haikumzuia, kwa kuwa kosa la kitabuni linaweza kusomwa nyumbani bila madhara, lakini baharini linapasua mkuku. Msimamo huo huo aliuchukua kwa wakubwa wa fani waliomtangulia kwa karne kadhaa, yaani Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan, ambao mabaharia waliwatukuza kama simba watatu wa bahari. Ibn Majid aliwasifu, kisha akaonyesha kwamba walikuwa wakusanyaji wa habari kutoka kwa wengine zaidi ya kuwa wasafiri, na mwishowe akajiweka yeye mwenyewe kuwa wa nne baada yao. Unyenyekevu haukuwa miongoni mwa sifa zake. Hata hivyo, historia haikumkatalia nafasi hiyo.

Ili kuielewa kazi yake, yafaa kwanza kuutazama mwaka wa baharia. Chombo cha tanga hakikwenda pale mwenyewe alipotaka wala wakati alipotaka. Kaskazi ilipoanza kuvuma mwezi wa Desemba, vyombo kutoka Ghuba, Hadhramaut na Gujarati viliteremka pwani ya Afrika Mashariki vikiwa na tende, nguo na vyombo vya udongo kutoka Uchina. Vilingoja bandarini hadi kusi iliposhika, kuanzia Aprili, ndipo vikarudi na pembe za ndovu, boriti za mikoko, ambari, dhahabu ya Sofala iliyopitia Kilwa, na watumwa pia. Kati ya pepo hizo mbili kulikuwa na siku za tanga mbili, ambapo upepo hauaminiki. Tena kusi ilipokomaa katikati ya mwaka, bandari za pwani ya magharibi ya Bara Hindi zilifungwa kwa ukali wa mawimbi. Aliyechelewa kuondoka kwa majuma machache aliweza kupoteza mwaka mzima, au chombo. Ibn Majid aliweka hesabu za nyakati hizi bandari kwa bandari, kwa siku zilizohesabiwa tangu Nairuzi, mwaka mpya wa mabaharia, kwa kuwa kalenda ya mwezi huhama na haifai kumwongoza mtu anayefuata upepo. Wakazi wa pwani ya Waswahili, ambao nao walikuwa na mwaka wa kogwa wakilimia na kusafiria kwa hesabu hiyo, wangemwelewa bila mkalimani.

Baada ya upepo ilifuata nyota. Mwalimu wa zama hizo alipima kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari kwa vipande vya mbao alivyovishika mbele ya jicho, na kipimo chake kilikuwa kidole. Kidole kimoja kilikuwa sawa na digrii moja na zaidi ya nusu hivi, na kidole kiligawanywa mara nane, kila sehemu ikiitwa zamu, neno ambalo hata leo hugawia watu kazi kwa saa. Nyota kuu ilikuwa ile ya kaskazini, waliyoiita Jah. Baharia akitoka Ghuba kuja kusini aliiona Jah ikishuka kila usiku, kidole baada ya kidole, hadi ikazama kabisa. Mombasa iko digrii nne kusini ya Ikweta, na huko Jah haimsaidii mtu. Hapo ndipo elimu ya mwalimu ilipojulikana. Ibn Majid alifundisha kupima kwa Farqadan, zile nyota mbili zinazoizunguka Jah, na hizo nazo zikishindwa, kwa nyota za Na'sh, yaani kundi la Dubu Mkubwa, ambalo hubaki likionekana chini upande wa kaskazini hata kwa mtu aliyeko pwani ya Mombasa. Kwa njia hii aliweza kuijua bandari kabla ya kuiona: kila mji wa pwani ulikuwa na kimo chake cha nyota, na mwalimu alikishika kichwani kama mtu anavyoshika namba ya nyumba.

Dira nayo ilikuwa ya nyota. Duara la upeo liligawanywa sehemu 32, kila moja ikipewa jina la nyota inayochomoza au kutua upande huo. Sindano ya sumaku ilikuwapo, na Ibn Majid alijinasibisha na matengenezo yake fulani, jambo lililowafanya mabaharia wa vizazi vya baadaye waamini kwamba yeye ndiye aliyeivumbua dira. Hakuivumbua. Sindano ya sumaku ilitumika baharini karne kadhaa kabla ya kuzaliwa kwake.

Kazi yake ya kwanza kubwa iliyosalia ni Hawiya, utungo mrefu juu ya misingi ya elimu ya bahari, alioukamilisha mwaka 1462. Karibu miaka 28 baadaye, mwaka 895 wa Hijria, aliandika kwa nathari kitabu chake kikuu, Kitab al-Fawaid, chenye milango 12. Milango hiyo inazungumzia asili ya ubaharia, vituo 28 vya mwezi, dira, njia za pwani na za bahari kuu, vimo vya nyota, na misimu ya safari. Mlango wa kumi unavitaja visiwa kumi vikubwa vya dunia aliyoijua: Unguja imo, na Bukini, yaani Madagascar, imo pia, pamoja na Sumatra, Java, Sarandibu na Sokotra. Mlango wa mwisho ameuweka kwa ajili ya Bahari ya Shamu, bahari ya baba yake.

Lakini sehemu zinazomgusa msomaji asiye baharia ni zile zinazoeleza ishara na siasa. Ishara ni alama za nchi kavu kabla haijaonekana: ndege wa namna fulani, nyoka wa baharini karibu na pwani ya Bara Hindi, mwani unaoelea, rangi ya maji inayobadilika, tope linalopanda na bildi kutoka kwenye sakafu ya bahari. Mwalimu aliyepuuza alama hizi na kutegemea hesabu peke yake hakuwa mwalimu mbele ya Ibn Majid. Siasa, kwa maana ya zamani ya neno hilo, ni uendeshaji wa chombo na watu wake. Hapa mwandishi anashuka kutoka kwenye nyota na kuingia katika mambo ya mbao na binadamu. Anamtaka mwalimu akikague chombo kingali pwani juu ya mchanga, aziandike kasoro zake zote, aijue hali ya foromali, kamba na tanga, na ajue jinsi shehena ilivyopangwa. Anamtaka akae mahali pa juu panapomwezesha kuona kila kitu. Anamtaka alale kidogo, amwangalie mshika usukani daima, awe mpole katika maneno na mwenye subira, wala asibebe zaidi ya kiasi kwa tamaa ya nauli.

Watu hao walioamrishwa walikuwa wengi, na maisha yao hayakuwa mepesi. Jahazi kubwa lilihitaji makumi ya mikono kuipandisha foromali, gogo zito linalobeba tanga, na kila upepo ulipotaka chombo kigeuzwe, foromali ililazimika kuzungushwa mbele ya mlingoti huku joshi na demani zikilegezwa na kukazwa upya. Kosa dogo hapo lilitosha kumtupa mtu baharini. Chini, katika ngama, maji yaliyopenya kati ya mbao yalikumbwa mchana na usiku. Vyombo vingi vya zama hizo vilishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigwa misumari, kama ulivyokuwa mtepe wa Wabajuni. Ushonaji huo ulikipa chombo ulaini wa kuvumilia kugonga mchanga, lakini ulidai kazi isiyokwisha ya kuziba na kukaza. Mabaharia wengi hawakulipwa mshahara wa mwezi. Walipata fungu la faida ya safari, na pamoja na fungu hilo nafasi ya kubeba bidhaa kidogo zao wenyewe. Chombo kikizama, mali ilipotea kwa tajiri na kwa baharia pia, na tofauti ni kwamba tajiri mara nyingi alikuwa nchi kavu.

Ibn Majid aliwagawa walimu katika mafungu matatu, na mgawanyo huo ni wa kukumbukwa. Fungu la kwanza ni la yule anayekwenda na kurudi kwa bahati: mara afike, mara akose, na jibu lake mara lipate mara likosee. La pili ni la yule aliye hodari katika njia alizozipita mwenyewe, akasifika kwazo, lakini jina lake likafa naye. La tatu ni la yule ambaye hakuna jambo la bahari linalomfumba, naye akaandika vitabu vinavyotumiwa katika uhai wake na baada yake. Hapana shaka alijiweka katika fungu gani. Muhimu zaidi ni kwamba kwake yeye ubingwa haukukamilika bila maandishi. Katika fani ambayo siri zilipitishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, hilo lilikuwa wazo la kijasiri.

Na aliandika, zaidi ya yote, kwa ushairi. Tungo zake zilizosalia ni karibu 40, na nyingi zimo katika bahari ya rajaz, ile bahari nyepesi ya Kiarabu ambayo kila mshororo hugawanyika nusu mbili zenye vina vinavyolingana. Wahakiki wa fasihi ya Kiarabu hawakuvutiwa sana. Waliona lugha yake ina makosa ya sarufi, maneno ya mabaharia yamechanganywa na ya vitabuni, na mizani wakati mwingine inayumba. Hukumu hiyo ni ya haki kwa mtu aliyeketi maktabani. Haitazami utungo ulikuwa wa kazi gani. Usiku wa giza, chombo kikiyumba na mikono imeshika kamba, hakuna anayefungua kitabu. Vina na mizani vilikuwa ghala la kumbukumbu. Mwanafunzi wa tenzi za Kiswahili analielewa hili upesi zaidi, kwa maana na yeye amekutana na tungo ndefu zilizobeba historia, fikihi, tiba na mawaidha. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulitungwa ili usomwe kwa sauti mbele ya watu, ukae masikioni. Tungo za Ibn Majid zilikaa masikioni pia, ila aliyesahau ubeti mmoja wake aliweza kuupanda mwamba.

Miongoni mwa tungo hizo, inayowahusu zaidi watu wa pwani hii ni Sufaliya, yaani utungo wa Sofala. Humo Ibn Majid anaishuka pwani yote ya Waswahili, akitaja Malindi, Mombasa, Kilwa na miji mingine, hadi Sofala, mwisho wa safari za kawaida za vyombo vilivyotegemea kaskazi. Anatoa vimo vya nyota, mielekeo ya dira, na tahadhari za miamba. Kwa hiyo, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, njia hizi zilikwisha kuwekwa katika vina.

Mombasa ilihitaji tahadhari hizo. Anayeingia bandari ya kale kutoka bahari kuu ana kisiwa upande wa kushoto na bara ya Nyali na Kisauni upande wa kulia, na mbele ya ufuo wa Nyali umelala mwamba mrefu ambao maji yakijaa hufichika na yakitoka huonekana kwa povu jeupe. Mlango ni mwembamba. Chombo kinachoongozwa na mtu asiyeujua hakina nafasi ya kujirekebisha.

Nje ya mlango huo, tarehe 7 Aprili 1498, zilitia nanga merikebu tatu za Vasco da Gama. Zilikuwa na wanamaji waliochoka na marubani waliochukuliwa Msumbiji. Tarehe 10 zilipong'oa nanga ili kuingia bandarini, merikebu ya jemadari ilikataa kugeuka, ikaigonga iliyokuwa nyuma yake, na nanga zikatupwa tena kwa haraka. Marubani wa Msumbiji walijirusha majini wakaokolewa na mashua ya wenyeji. Usiku huo Wareno waliwatesa watu wawili kwa mafuta ya moto ili wakiri kwamba kulikuwa na njama, na usiku huo huo waogeleaji wa Mombasa walijaribu kuzikata kamba za nanga. Tarehe 13 Wareno waliondoka, na siku iliyofuata wakafika Malindi, ambako mtawala wake, aliyekuwa na ushindani wa siku nyingi na Mombasa, aliona faida ya kuwa na rafiki mwenye mizinga. Alimpa da Gama rubani. Tarehe 24 Aprili merikebu zikatweka, kusi ikazisukuma, na tarehe 20 Mei zikatia nanga karibu na Calicut.

Safari ya kurudi inaonyesha rubani huyo alikuwa na thamani gani. Waliondoka pwani ya Bara Hindi tarehe 5 Oktoba, kabla kaskazi haijasimama. Njia iliyowachukua majuma manne kwenda, iliwachukua takriban miezi mitatu kurudi. Kiseyeye kiliwaua watu wapatao 30. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499 hawakuwa na mabaharia wa kutosha merikebu tatu, na siku chache baadaye, upande wa kusini wa Mombasa, waliichoma moto São Rafael.

Rubani wa Malindi alikuwa nani? Hapa ndipo jina la Ibn Majid lilipoingizwa katika kesi ambayo haijaacha kusikilizwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 16, mwanahistoria Qutbuddin al-Nahrawali, aliyeishi Makka, aliandika historia ya Waturuki wa Uthmaniya kuiteka Yemen, na humo akasema kwamba Wafaranji walionyeshwa njia na baharia hodari aitwaye Ahmad bin Majid, aliyelewa pombe walipomfanyia urafiki. Maandishi hayo yalikaa bila kelele nyingi hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ambapo mtaalamu Mfaransa Gabriel Ferrand aliyaunganisha na hati za Ibn Majid zilizokuwa Paris. Tangu hapo habari ikaenea vitabuni, hata katika vitabu vya shule, kwamba Ibn Majid ndiye aliyewafungulia Wareno mlango wa Bahari ya Hindi. Kwa kuwa baada ya mlango huo zilikuja Kilwa na Mombasa kuporwa mwaka 1505, na Mombasa kuchomwa, tuhuma hiyo si ndogo. Inamfanya mshairi wa bahari kuwa msaliti wa watu wa bahari, tena msaliti mlevi.

Ushahidi hauiungi mkono. Al-Nahrawali aliandika miongo kadhaa baada ya tukio, mbali nalo, na pombe katika masimulizi yake inafanya kazi ya kueleza aibu kuliko ya kueleza jambo. Wareno wenyewe wanasema kitu kingine. Shajara ya safari hiyo, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Álvaro Velho, inamtaja rubani kuwa Mkristo, na inajulikana kwamba Wareno wa safari ile waliwadhania Wahindu kuwa Wakristo. Wanahistoria wao wa baadaye, Castanheda, Barros na Góis, wanamwita mtu wa Gujarati, na jina wanalompa ni Malemo Caná au Malemo Canaqua. Mwanafunzi wa isimu ataona mara moja kwamba Malemo ni muallim, mwalimu yule yule wa shetrini. Canaqua nalo limefasiriwa kuwa neno la Kihindi lenye maana ya mnajimu au mtu wa hesabu za nyota. Basi Wareno hawakuliandika jina la mtu yule hata kidogo. Waliandika kazi yake mara mbili, kwa lugha mbili, wakadhani wameandika jina.

Zaidi ya hayo, mwaka 1498 Ibn Majid alikuwa mzee. Naye ni mtu asiyeficha sifa zake. Utungo wake wa mwisho wenye tarehe ni wa mwaka 1500, na haujisifu kwa safari ya namna hiyo wala haujuti. Ni kweli kwamba katika Sufaliya zimo beti zinazowataja Wafaranji na kufika kwao Calicut, na wapo waliozisoma kama majuto ya mzee. Lakini Ibrahim Khoury, aliyezihakiki tungo za Ibn Majid huko Syria, alionyesha kwamba beti hizo zina dalili za kuchomekwa na mkono wa baadaye, na hoja yake inaelekea kuwa na nguvu kwa yeyote aliyewahi kushughulika na hati za tenzi, ambamo mnakili mmoja huongeza, mwingine hupunguza, na wa tatu hudhani yote ni ya mtunzi.

Lipo jambo jingine ambalo mjadala huu huelekea kulifunika. Njia kutoka Malindi hadi Malabar haikuwa siri iliyofungiwa kifuani mwa mtu mmoja. Vyombo vya Gujarati vilikuwa bandarini Malindi mwezi ule ule. Walimu kadhaa wangeweza kuifanya kazi ile, na da Gama alihitaji mmoja tu. Masimulizi yanayomtaka rubani mkubwa kuliko wote yanaitukuza safari ya Mreno zaidi kuliko yanavyomheshimu baharia wa bahari hii, kana kwamba safari ya kawaida ya wafanyabiashara wa pwani ilihitaji muujiza ili iwezekane.

Mabaharia wenyewe walimkumbuka kwa namna yao. Mwaka 1554 jemadari wa Kituruki Sidi Ali Reis, akiwa amekwama Gujarati baada ya kupoteza merikebu zake, alikusanya maandishi ya Ibn Majid na ya mwandamizi wake Sulaiman al-Mahri wa Shihr, akatunga kwayo kitabu cha bahari kwa Kituruki, na akamtaja Ibn Majid kuwa wa kuaminika kuliko walimu wote. Miaka mia tatu kamili baadaye, mwaka 1854, Richard Burton alipoondoka Aden kwa chombo cha tanga, aliwasikia mabaharia wakimsomea Fatiha Sheikh Majid, waliyeamini kuwa ndiye aliyevumbua dira. Kwao alikuwa amekwisha kuwa walii.

Wasomi walichelewa. Ferrand alizichapisha hati za Paris kati ya mwaka 1921 na 1923. Sufaliya ilikuwa mbali zaidi, katika mkusanyiko wa Leningrad pamoja na tungo nyingine mbili. Mwanafunzi Teodor Shumovsky alianza kuishughulikia chini ya mwalimu wake Ignaty Krachkovsky, lakini mwaka 1938 alikamatwa na serikali ya Stalin, akapitisha miaka mingi makambini na uhamishoni, na hati ikamngoja. Alipoachiliwa aliirudia. Aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kirusi mwaka 1957, naye akiwa bado anaamini kwamba Ibn Majid ndiye aliyempeleka da Gama. Mwaka 1971 G. R. Tibbetts alitoa tafsiri ya Kiingereza ya Kitab al-Fawaid yenye maelezo marefu ya nyota, vipimo na njia, na katika miaka hiyo hiyo kazi ya Khoury ikatoka Damascus. Kuanzia hapo, polepole, mzigo ulianza kuondolewa mabegani mwa mzee wa Julfar, na ile safari ya majuma manne ikaanza kurudishwa kwa mwalimu wa Gujarati ambaye hata jina lake halikuandikwa.